Nilisema kwa Sababu Nilikuwa Nakufa

Hapa bwenini wasichana wa kidato cha pili wakiniuliza kovu la shingoni, nasema nilikuwa na jipu. Sipendi kuulizwa zaidi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Homa ilinishika wiki nzima, ikaniacha, kisha matezi yakatokeza shingoni pande zote mbili, makubwa kama viazi vya mbegu. Mganga wa zahanati aliyabonyeza, akatoka kumwambia baba nje. Mlango ulikuwa wa mianzi, nikasikia: "Ni kansa. Hatamaliza miezi miwili."

Hospitali ya misheni walikata kipande cha tezi, kikapelekwa mbali kupimwa. Nyumbani hawakungoja majibu. Nilipewa mayai na blanketi la baba. Kaka yangu peke yake ndiye aliyeongea nami kama zamani: "Marehemu, sogea, unatuzibia moto." Nilicheka mpaka shingo ikauma.

Mchungaji akaja kunipa kipaimara kitandani, ingawa mafundisho sikuwa nimemaliza. "Binti, kama una mzigo moyoni, utue sasa. Usiende nao." Mama alikuwa amenishikilia kichwa.

Mzigo nilikuwa nao. Baba aliendesha lori la mahindi kati ya Njombe na Makambako. Mwaka uliotangulia alinichukua, na huko Makambako, kwenye nyumba iliyo nyuma ya maduka, mtoto mdogo alitoka mbio akimwita, "Baba!" Mwanamke akatuletea chai. Njiani baba aliniambia, "Ya huku yanabaki huku," akaninunulia andazi. Nikala.

Basi nikamwambia mchungaji yote. Ningeweza kunong'ona, sikunong'ona. Nilijua mama anasikia. Nilidhani maiti hana wa kumwuliza.

Mama alinilaza taratibu, akaendelea kuniuguza, kunikanda, kunipikia uji, wiki baada ya wiki. Matezi yakaanza kunywea. Majibu yalipokuja, daktari alituita sote: "Si kansa. Ni ile homa. Vidudu vyake vimekwisha, ila mwili haukujua, ukaendelea kupigana. Atapona."

Mama alilia pale pale. Kesho yake asubuhi alifunga kanga zake kwenye furushi.

"Nilikuwa nangoja hili tu," alimwambia baba, akaenda kwao Wanging'ombe. Sisi tukabaki, maana watoto ni wa baba.

Nikawa mimi ninayepika. Baba alikula bila kunitazama, na akitaka kitu alimtuma kaka. Siku moja, kaka akiwa shambani, nilimwekea ugali nikajikaza kumwamkia: "Kamwene, baba."

Alinawa mikono, akaikung'uta.

"Mtu wa kufa hufa," alisema. "Wewe ulisema, halafu ukabaki."

Nikampakulia mboga.