Waya Yenye Plagi Mbili

Gitobu ni kinyozi pale Kiirua, mtu mpole, na jenereta yake anaitunza kuliko anavyojitunza. Haongezi petroli kabla injini ipoe. Moshi ameuelekeza upande wa mahindi. Kosa lake lilikuwa moja: alijitengenezea waya yenye plagi pande zote mbili. Moja kwa jenereta, nyingine kwa soketi ya ukutani, na taa za ploti nzima zinawaka. Lakini lazima kwanza ushushe swichi kubwa, la sivyo stima yako inatoka nje ifuate nyaya za barabarani.

Hiyo swichi hakuwahi kuisahau.

Mwezi wa nne mti uliangusha waya inayomletea stima. Ililala kwenye nyasi mbichi siku mbili, tukaizoea. Asubuhi ya tatu mimi mwenyewe niliiruka nikienda kunyolewa, jenereta ikinguruma nje.

Nusu ya kichwa ilikuwa imeisha wakati mkewe, Gatwiri, aliita kutoka uani.

"Baba Kawira! Stima imerudi! Mita imewaka!"

Gitobu akacheka. "Mzee, kumbe hiki kichwa chako cha kiazi kina baraka."

Nilicheka pia. Halafu nikafikiria. Waya iko chini. Stima imepitia wapi?

"Gatwiri, umegusa nini?" nikauliza.

"Nimeinua tu swichi kubwa, nione kama imerudi," akasema, akisimama mlangoni.

Gitobu aliondoa mashine kichwani mwangu: stima ya jenereta ilikuwa imefika kwenye ile waya ya nyasini. Dirishani tulimwona Kaberia, fundi wa stima, ameweka ngazi chini, anaifuata ile waya kwenye nyasi, glavu ziko mfukoni.

"Kaberia! Usishike!"

Jenereta ilimeza sauti yangu. Akanipungia mkono, akainama.

Swichi ilikuwa mbali, uani. Gitobu aliivuta waya yake ukutani. Plagi ikatoka, lakini vyuma vyake vilikuwa bado na stima ya jenereta, na kiganja kikavifunika. Akaanguka, anatetemeka. Gatwiri alikimbia kuzima jenereta.

Kukawa kimya. Kaberia akaingia anatabasamu. "Wazee, mnaniitia nini?" Akamwona Gitobu sakafuni, akatazama mikono yake mwenyewe.

Gitobu alipona, ila vidole viwili vya kulia havikunjiki. Ananyoa na mkono wa kushoto. Juzi jirani alikuja kumwomba amtengenezee waya kama ile. Gitobu akamwonyesha vidole.

"Pole," jirani akasema, "lakini mimi niko makini."

Akaenda dukani kununua plagi.