Kukutana na Shoto Katikati ya Godoro

Natengeneza magodoro ya sufi. Nilianza kabla sijaota ndevu, na sasa ndevu zenyewe zimekuwa nyeupe kama hiyo sufi. Wateja hawajui iliyonasa ni ipi na iliyoota ni ipi.

Mke wangu tulimwita Shoto, kwa sababu alishona kwa mkono wa kushoto. Hilo lilitufaa. Godoro likishajazwa, mdomo wake hushonwa kwa uzi wa katani. Mimi nilianza pembe ya kulia, yeye ya kushoto, na katikati tuliweka alama ya chaki. Wa kwanza kufika kwenye chaki ndiye anayefunga fundo. Aliyechelewa anapika chai.

Nimepika chai sana.

Alifariki wakati wa mvua. Hapo sina mengi ya kusema. Siku hizi nashona peke yangu kutoka pembe hii hadi ile, na mshono unakwenda upogo.

Shida yangu ilikuwa ndoto. Shoto huja. Anakaa palepale pake, na mimi, mjinga, sijui kama naota. Naanza kugombana naye.

"Uzi umeuweka wapi?"

"Uko mbele ya pua yako."

"Na mkasi?"

"Umeukalia."

Kisha naamka. Hata usoni sikumtazama. Mtu ametoka huko aliko, nami namuuliza mkasi!

Nikamweleza mjukuu wangu, binti anayetengeneza simu ng'ambo ya barabara. Shoto, bibi yake, yeye humwita mke mwenza, kwa utani, na mimi ndiye mume.

"Mume wangu, mbona njia ipo?" akasema. "Watu wanaingia ndotoni na akili zao. Unajua kabisa kwamba unaota. Utamwangalia mke mwenza mpaka uchoke."

"Sichoki."

"Haya, usichoke. Lala chali. Usitikisike. Mwili uache ulale, wewe ukae macho humo ndani, uutazame usingizi ukija. Mwili utakudanganya, utawasha hapa na pale. Usijikune."

"Hata pua?"

"Hasa pua."

Akaongeza mtihani. Mchana niwe nasoma maneno ya ukutani, niyasome tena, maana ndotoni herufi hazitulii. Nikamwambia mimi sikukaa darasani, herufi hazijanitulia hata siku moja, mchana kweupe. Akacheka mpaka akaangusha bisibisi.

"Basi tafuta mtihani wako."

Nikautafuta. Nikavua subana, kile kikofia cha chuma kinacholinda kidole, nikawa najidunga dole gumba kwa ncha ya sindano. Ikiuma, niko macho. Mjukuu alisema nikizoea mchana, mkono utafanya wenyewe ndotoni.

Shemeji yangu, mdogo wake Shoto, ni seremala. Anatengeneza vitanda upande wa pili wa karakana yetu. Akaniona.

"Shemeji, hicho kidole kimekukosea nini?"

"Naangalia kama niko macho."

"Si uniulize mimi? Uko macho, na umezeeka."

Kulala sasa. Nikanyooka chali kama ubao wa shemeji. Pua ikawasha, nikavumilia. Sikio likawasha, nikavumilia. Usingizi ukasogea, nikauona, nikaufurahia, ukakimbia. Ni kama kuku. Ukimtolea macho, hakamatiki.

Halafu mkono. Mkono wa fundi haujui kulala. Ukapapasa godoro, ukakuta bonge. Nikajiambia, liache. Bonge likazidi, likawa kama nimelalia kiatu. Nikawasha taa, nikafumua mshono, nikaitoa sufi yote na kuanza kuichambua.

Asubuhi mjukuu alinikuta nimekaa sakafuni, sufi kote, hadi kwenye nyusi.

"Mume wangu, unaota au unaatamia?"

Ikawa hivyo usiku baada ya usiku. Sufi ya nyumbani ikaisha, nikachukua ya karakana, iliyokuwa ya godoro la mkunga wa mtaa wetu. Kama silali, angalau mikono ifanye kazi ya mtu. Nikaichambua mpaka haikubaki mbegu, hakikubaki kikonyo. Ukiipulizia, inaondoka.

Mkunga mwenyewe akaja kuulizia mzigo wake. Bila kukumbuka kwamba nina mgeni, nikajidunga na kusema kwa sauti, "Niko macho au naota?"

"Uko macho, baba," akasema, "na godoro langu bado. Watu wananigongea alfajiri, kiunoni kwangu kumekufa."

Nikamwambia arudi alasiri.

Nikajaza, nikashona. Mchana huo nilikuwa nimemwambia mjukuu basi, ndoto zimenishinda, Shoto aje anavyotaka tukaendelee kugombania mkasi. Ikabaki kulijaribu tu godoro. Kila ninalotengeneza nalilalia kwanza, mkono utafute mabonge.

Nikalala chali. Mkono ukapapasa katikati, hakuna kitu. Ukaenda pembeni, hakuna. Ukarudi kichwani, hakuna. Mkono ukakosa kazi, ukalala.

Nilikuwa nasikia randa ya shemeji, shwaa, shwaa, ikienda mbali. Miguu ikawa mizito. Nikauona usingizi unakuja. Safari hii sikuutolea macho, niliuangalia kwa pembeni tu, ukapita ukanichukua.

Nikajikuta nashona. Kwenye pembe ya kushoto alikuwa Shoto, uzi kaubana kwenye meno. Mdomo wangu ukafunguka niulize mkasi. Mkono ukanitangulia, ukadunga dole gumba.

Sindano ikazama kama kwenye maji. Haikuuma.

Naota! Na yule ni Shoto!

Moyo ukaruka. Mjukuu alinionya kwamba furaha ikizidi, unaamka. Nikajituliza, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa pomoni. Nikamwangalia. Kilemba cha bluu, kimelegea kama kawaida yake. Pengo la jino. Kovu la kidevuni. Vile vidole, vinakwenda havingoji mtu.

"Unanikodolea nini? Shona."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nimeyatunza siku zote hizo. Yote yakapotea. Nikasema, "Shoto, shona polepole."

"Ha! Tangu lini ukanibembeleza? Umeona unashindwa."

Hakupunguza. Nami sikushona hata tundu moja, namtazama tu. Akaja, akaja, akaipita chaki, akaendelea na upande wangu mpaka mkono wake ukagusana na wangu. Ulikuwa wa moto. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Chai," akasema.

Nikainuka nikapike chai. Ndipo nikaamka.

Mkunga alikuwa amesimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Baba, si godoro langu hilo?"

"Ni lako. Nilikuwa nalijaribu."

"Unacheka usingizini! Sijaona anayelala hivyo ila watoto ninaowazalisha. Lifunge kamba, nalichukua sasa hivi."

Nikalifunga, kisha nikaenda kuwasha jiko.

"Chai saa hizi?" shemeji akauliza.

"Dada yako amenishinda."

Randa ikasimama.

"Kwa mbali?"

"Sikushona hata tundu moja."

Akacheka, huku akijifuta macho kwa mkono uliojaa vumbi la mbao. "Basi tia sukari ya kutosha. Umeshindwa vibaya."

Mjukuu akasikia kicheko, akavuka barabara mbio, bisibisi mkononi.

"Umemwona? Mume wangu, umemwona? Ulimwambia nini mke mwenza?"

"Nilimwambia ashone polepole."

"Akakubali?"

"Kwani aliwahi kunisikiliza?"

Nikamimina chai.