Ufa wa Tishari la Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia karakana ya meli hapa Mwanza nikiwa nimevaa viatu vya kaka yangu, vilivyonizidi. Nilikuwa nimetoka kwetu Nansio. Fundi Mkuu, Mzee Lusato, aliitikia shikamoo yangu, akanipeleka moja kwa moja kwenye chelezo, yaani mteremko wenye reli ambako meli huvutwa nchi kavu ili itengenezwe. Aliniambia kuwa kabla ya kushika mashine ya kuchomelea nilipaswa kujua moto ule uliwahi kufanya nini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mpaka grisi, mtu wa kulainisha mitambo, katika meli ya shehena. Nyambizi zilizamisha meli nyingi mno, kwa hiyo Wamarekani wakaunda nyingine za mfano mmoja, kwa mamia na mamia. Vipande vilitengenezwa mbali, vikaletwa na kuunganishwa kwa kuchomelewa badala ya kupigwa riveti, zile pini za chuma zinazobana bamba kwa bamba. Kazi ya miezi ikawa ya wiki. Nyingi zilifika salama, lakini chache zilipasuka zenyewe kwenye bahari ya baridi. Yake ilikatika vipande viwili, na kipande cha nyuma kikazama na rafiki yake aliyekuwa zamuni.

“Ufa kwenye bamba la riveti hufika ukingoni ukasimama,” alisema. “Ukichomelea, meli nzima ni bamba moja. Ufa hauna pa kusimama. Na huanzia kwenye pembe kali ya lango la shehena, lile tundu la sitahani la kupakilia mizigo. Pembe izungushe, kijana, iwe ya mviringo. Usiiache kali hata ukiamriwa.”

Nilikaa chini yake miaka mingi. Alinifundisha kusikiliza mshono kwa nyundo, kukausha fito za kuchomelea ili zisinywe unyevu wa ziwa, na kutoboa tundu kwa kekee kwenye ncha ya ufa ili usiendelee. Alipostaafu akahamia Mkolani, nami nikapewa kikosi cha wachomeleaji.

Kisha vikaja Vita vya Kagera. Tuliagizwa kuunda matishari manne, vyombo bapa vya mizigo vyenye injini, kupeleka unga na mafuta upande wa magharibi wa ziwa. Meneja wa Karakana alikuwa mtu mwema, ila alikuwa akipigiwa simu kutwa. Michoro ilionyesha malango ya pembe za mraba, kwa sababu kuzungusha pembe kulichukua siku mbili zaidi. Nilimweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Askari hawali pembe, Fundi. Wanakula unga.”

Nikarudi kwenye chelezo, tukakata pembe za mraba.

Tishari la tatu liliporudi kutoka safari ya pili, niliona ufa mwembamba kama unywele kwenye pembe ya lango. Lilikuwa linapakiwa. Nahodha wake, Majura, tulitoka wote Nansio na tulikuwa tukila sahani moja. Aliniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia ni dogo. Sikutoboa tundu kwenye ncha ya ufa, wala sikukata pembe. Nilipitisha moto juu ya ufa, nikapaka rangi. Kesho yake mchana, upepo ulipochafua ziwa, tishari lilipasuka katikati. Mabaharia wawili waliokolewa na wavuvi. Majura hakuonekana.

Taarifa ilisema nahodha alizidisha mzigo. Niliisoma ubaoni pamoja na wenzangu, nikanyamaza. Nilichofanya ni kukataa kuendelea na la nne mpaka pembe zizungushwe, na Meneja akaniachia bila kuuliza sababu. Halikupasuka kamwe. Watu wakanisifu kwa uangalifu, na baadaye nikawa Fundi Mkuu.

Nilipostaafu nilikosa usingizi. Mwaka jana nikapanda kivuko mpaka Nansio, nikamkuta mjane wa Majura, Nyabise, akianika mihogo. Nilimweleza yote: pembe, ufa, rangi. Aliendelea kugeuza mihogo mpaka nikamaliza.

“Shemeji,” alisema, “wanangu walikua wakiambiwa baba yao alizamisha chakula cha askari kwa tamaa. Mkubwa aliacha shule kwa ajili ya maneno hayo. Wewe ulikuwa unakuja hapa kila Krismasi na sukari.”

Nilimwomba msamaha. Alisema hilo atalifikiria, lakini kwanza anataka niliyomweleza yaandikwe, yawe na jina langu chini, ili asomewe mwanawe mkubwa, ambaye sasa naye ni babu.

Ninyi mnaojifunza kazi hii mtanisoma kwa ajili ya mishono na pembe, na ni vizuri. Lakini karatasi hii ni ya nyumba ile ya Majura. Majura hakuzidisha mzigo. Nilihesabu magunia mwenyewe yakipakiwa, na yalikuwa sawa. Tishari lilipasuka kwa ufa nilioufunika mimi.

Mimi, Fundi Mafuru, mstaafu, Mirongo, Mwanza.