Baba Juu ya Ubao wa Paleti

Kitambulisho cha baba kilichukuliwa siku tuliyokwenda kuandikisha kifo chake. Ndiyo sheria, cha marehemu hurudishwa, na karani alikipokea kwa adabu akakitia ndani ya bahasha pamoja na vya wengine. Mama akamwomba akitoe tena kidogo. Alikisogeza karibu na macho, akaitazama ile picha ndogo ya baba aliyekunja uso, kisha akakirudisha. Tulipofika nje ndipo nilipong'amua kwamba mama hana tena picha ya mumewe, hata moja.

Nyumba yetu ya Likoni haikuwahi kutundikwa picha ya mtu. Msimamo wa mama ulikuwa mmoja tangu tukiwa wadogo: nyumba inayosaliwa haitiwi nyuso ukutani, malaika hawaingii. Sikuwahi kubishana naye mambo ya dini wala sikukusudia kuanza. Lakini miezi ilivyopita akawa ananipigia simu na maswali ya ajabu. Hivi kile kidoti cha babako kilikuwa shavu gani? Alipocheka, lile pengo lilionekana au alilificha? Nilijua uso wa baba unampotea kidogo kidogo, na niliogopa. Nikamwambia kaka yangu mkubwa, anayeishi na mama, kwamba nitamtengenezea picha na ataipokea. Kaka alicheka, akasema nitarudishwa nayo mlangoni. Mimi nikichekwa sirudi nyuma, hata ninapokosea.

Picha za harusi yangu zilipigwa upande wa wanawake, baba hayumo; hii niliipata kwenye simu ya binamu yangu. Ilikuwa harusi ya jamaa, baba ameketi mkekani na wanaume wengine watatu, wamezunguka sinia la biriani. Tonge liko karibu na mdomo na anacheka, pengo lote nje. Ilikuwa picha mbaya. Bega la mtu lilimfunika nusu ya kifua, kidole gumba cha aliyepiga kimeingia pembeni, na hema lote giza. Lakini alikuwa yeye hasa, si yule wa kitambulisho.

Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Magogoni, ng'ambo ya feri. Kukata na kubandika ndiyo kazi yangu, ila kwa mkasi na karatasi. Kwa simu nilianza kujifunza siku hizo, kila alasiri watoto wakishachukuliwa na wazazi wao. Nilimkata baba kwa ncha ya kidole, nikifuata ukingo wa kofia yake polepole mpaka shingo yangu ikauma. Mahali pa giza la hema nikatia picha ya leso ya mama ya kujifunga, ile yenye mchoro wa korosho nyekundu. Shida ilikuwa kwenye mwanga. Kila nikiuongeza, programu ya kuhariri picha ilimfuta makunyanzi bila kuulizwa, baba akatoka kijana wa miaka ishirini aliyepakwa poda. Nikagombana na simu peke yangu kama mwendawazimu. Nilikataa kila nilichopewa mpaka makunyanzi yakarudi yote.

Sikutaka picha ya kioo na fremu ya dukani. Nilitaka mbao, kwa sababu baba aliwahi kubeba mizigo bandarini na nyumbani kwetu hata meza ilikuwa ya mbao za paleti, zile za kupangia shehena, kutoka upande wa Kipevu. Nikapata vipande, nikavipiga msasa. Namna ya kuhamishia picha juu yake ni rahisi kuieleza. Unapaka ubao gundi nyeupe ya seremala, unalaza karatasi yenye picha kifudifudi, unaacha mpaka kesho yake, kisha unailowesha na kuisugua kwa kidole hadi karatasi itoke na rangi ibaki juu ya mbao. Mara ya kwanza nilitumia printa ya jirani, ya wino wa maji, na baba akayeyuka akatiririka ndani ya karai. Mara ya pili nilikwenda duka la fotokopi, rangi ikashika vizuri, lakini nikasugua kwa pupa nikamtoa pua. Mara ya tatu alitoka mzima, mistari ya mbao imempitia kwenye paji la uso, anacheka. Nilipiga vigelegele peke yangu uani, jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Nikaufunga ubao ndani ya kitambaa, nikavuka feri. Mama aliniitikia shikamoo, akaupokea, akaenda nao dirishani penye mwanga. Aliutazama muda mrefu. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, tayari kufurahi.

"Mwanangu," mama akasema, "ni nani huyu anayekula kwa mkono wa kushoto?"

Nikautazama ule mkono wenye tonge. Ukilaza karatasi kifudifudi, kila kitu kinageuka, kulia kunakuwa kushoto. Nilikuwa nimemtazama wiki nzima nisilione hilo. Na mimi ndiye nisiyestahili kabisa kulikosa, kwa sababu nilizaliwa natumia kushoto, na ni baba aliyekuwa akiukalia mkono wangu huo kila chakula, akiuzuia chini ya paja lake mpaka wa kulia ukajifunza. Sasa nimemtia tonge mkono ule ule alionikataza. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Nilitamani nimpige nao ule ubao.

Mama hakucheka. Alisema mtu akiona hivi ataona babako hakufunzwa, na yeye hakuwahi kula hivyo hata siku moja. Akaufunga tena kwenye kitambaa chake, akanirudishia.

Ndani ya feri nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Tulipokaribia ng'ambo ndipo nikaanza kuyarudia maneno yake moja moja, na machozi yakakatika. Hakutaja ukuta. Hakutaja malaika. Hakusema uondoe uso huu nyumbani mwangu. Kilichomuudhi kilikuwa mkono tu, na mkono ulikuwa kosa langu, na kosa langu lilikuwa na dawa. Nilishuka nikitembea haraka kuliko watu wote.

Kugeuza picha kwenye simu ni kugusa mara moja. Niligeuza, nikaenda fotokopi, nikatafuta ubao mpana zaidi. Safari hii nilisugua kwa subira ambayo sikujua ninayo, na pua ikabaki mahali pake.

Jumamosi nikarudi. Mama akaenda dirishani vilevile. Akatazama mkono kwanza. Kisha kidoti, akakigusa kwa kidole. Kisha pengo.

"Ndiye," akasema. "Wallahi ndiye."

Kaka akaanza kueleza habari za kuta na sala. Mama akamuuliza kwani jikoni nani anasali, akamtuma nyundo na msumari. Kaka akagonga msumari ukutani, mbele ya kigoda anachokalia mama akipika, akaamriwa ausogeze kulia, kisha tena juu, akitoka jasho. Nami nilisimama nyuma yake nikimwelekeza, ingawa hakuhitaji kuelekezwa. Nilifurahi kupita kiasi na sikuficha.

Nilidhani kazi imekwisha. Mama akaingia chumbani, akakawia, akatoka na leso zake mpya za Idi. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote, simu ikiinuliwa, hujigubika. Katika picha za harusi yangu mwenyewe mama yangu ni kitambaa. Akaketi kwenye kigoda, akaninyooshea kidole.

"Ubao huu mpana, kando yake pana nafasi," akasema. "Nipige na mimi, unitie hapo."

Nilishindwa kufungua simu mara mbili. Alingoja. Nilipoinua, hakuvuta leso wala hakugeuka. Nilipiga picha kumi na moja, na katika zote uso wake unaonekana.