Betri ya Gari la Baba

Vumbi likipata moto ndani ya amplifaya lina harufu yake, na chini ya harufu hiyo kuna ule ukali wa maji ya betri unaokwaruza koo. Mwezi uliopita mume wangu alileta amplifaya ya gari sebuleni kwetu hapa Gitega, akaifunga kwenye betri aliyoitoa garini, akawasha. Kisha akasema neno moja, nitalifikia. Nikatoka nje nikatapika. Yeye akadhani nina mimba.

Mimi nilikulia Buhinyuza, mkoani Muyinga. Wazazi wangu walikuwa wamerudi kutoka Tanzania, na baba alirudi na gari dogo la abiria pamoja na amplifaya aliyoing'oa kwenye gari lililokufa. Umeme hatukuwa nao. Aliifunga chini ya meza ya chakula, akailisha kwa betri nzee, na akanifundisha mwenyewe: waya mwekundu kwenye plasi, mweusi kwenye hasi, halafu kile kipande kifupi cha kuiamsha, maana bila hicho haiamki hata uipige mateke. Aliniita "fundi wangu", na kichwa kikanivimba. Siku ya kwanza spika zilipolia, mbuzi wa jirani walikata kamba. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Betri ile nzee ilipelekwa senta kuchajiwa kila wiki. Ile ya gari haikupelekwa popote, hata siku moja. Kwa akili yangu ya miaka kumi, nikajua betri ya gari haiishi chaji.

Jumamosi moja asubuhi baba alikuwa kwenye kazi za jamii, kuchimba mitaro. Asubuhi hizo kila mtu huenda, na barabara hubaki tupu, si gari si pikipiki. Mama alikuwa amejilaza chumbani, mimba imetimia, mgongo unamsumbua. Akaniomba nyimbo za kwaya. Betri nzee ilikuwa imekwisha kabisa, lakini gari lilikuwa pale chini ya dirisha. Nikafungua boneti, nikapitisha waya dirishani, nikafunga kama nilivyofundishwa. Wee! Zililia vizuri kuliko siku zote.

"Weka na ile nyingine," mama aliita. "Inanituliza."

Nikaweka. Nikaziweka zote, sauti juu, saa tatu nzima, mpaka amplifaya ikaanza kukwama na kujizima yenyewe. Nilidhani imechoka. Nikavuta waya niurudishe ndani, kibanio kimoja kikachomoka kikabaki kimeng'ata betri, nikakiacha hapohapo nikafunga boneti. Ndipo mama akapiga kelele. Kitanda kilikuwa kimejaa damu.

Jirani alikimbia kumwita baba. Alifika na jembe mkononi, akaingia garini, akazungusha ufunguo. Tik. Tik. Basi. Wanaume wakasukuma mpaka jasho likawatoka, lakini lilikuwa gari la automatiki, na hilo halisukumwi likawaka. Baba akafungua boneti, akainama humo peke yake kwa kitambo. Akatia kitu mfukoni. Kisha akaibamiza boneti na kuwageukia watu.

"Niliacha taa zinawaka tangu jana," alisema. "Ni mimi."

Walimbeba mama mabegani kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusukwa, kuelekea hospitali ya Muyinga. Hakufika. Mtoto naye hakuzaliwa.

Bibi, mama yake mama, alikuja mazishini kutoka Gitega, akamkabili baba mbele ya watu wote. "We ndo uliniulia mtoto. Dereva gani anasahau taa?"

"Ni mimi, mama," baba alisema.

Abiria wakamkimbia, nani angepanda gari la mtu yule? Akaliuza, akahamia Muyinga mjini kutengeneza baiskeli. Amplifaya sikuiona tena. Bibi alinichukua akanilea Gitega, na kila nilipomkumbuka mama nilimchukia baba. Nawaambia ninyi, sijawahi kumwambia mtu: nilimchukia kwa moyo wote. Alipokuja kunitembelea nilijificha chooni mpaka aondoke. Siku ya harusi yangu nilimwomba mjomba asimame mahali pake, na baba akakaa viti vya nyuma kabisa, akapiga makofi.

Sasa lile neno la mume wangu. "Chérie, usiache inaimba siku yote, itamaliza betri, kesho gari haitawaka." Alilisema akitafuta rimoti, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Kesho yake nilipanda gari la Muyinga. Nilimkuta baba ameketi mlangoni kwake, gurudumu la baiskeli mapajani, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilipiga magoti. Nikamwambia, "Baba, hazikuwa taa. Nilikuwa mimi."

Sikuwahi kumwona amekasirika vile. "Nani amekuambia?" aliuliza. "Ni nani huyo? Nitajie!"

"Hakuna, baba. Nimeelewa mwenyewe."

Gurudumu likamtoka mikononi. Alininyanyua, akaniingiza ndani, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Usimwambie mtu," alisema. "Bibi yako bado yuko hai."