Kadi ya Mwangwi

Itangazwe kwa heshima zote: kamusi tukufu imekwama kwenye neno mwangwi. Mhariri wake, mzee anayelamba penseli kabla ya kila herufi, anaifutafuta kadi ya neno hilo tangu amzike mkewe, na kesho kazi nzima inatakiwa kiwandani ikachapwe. Karani wake akamfuata nyumbani, akamkuta kakaa sakafuni katikati ya sebule tupu, kadi gotini. Maana alishaiandika: sauti inayorudi. Mstari wa chimbuko, wa kusema neno lilikotoka, ulikuwa mweupe pe.

"Mzee wangu, jaza lolote tuchape!"

Tuchape, tuchape, zikasema kuta.

"Ona, hata nyumba inakuhimiza," karani akatania.

Mzee akapuliza vumbi la kifutio kwenye mstari wa chimbuko. "Watoto wamechukua makochi ya mama yao."