Ndege Waliomshinda Bibi

Juzi, hapa Mikumi, niliketi nifufue mchezo mmoja wa kompyuta wa zamani. Kompyuta za siku hizi haziujui tena, kwa hiyo nikatengeneza kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta yangu, ile wataalamu wanayoiita mashine pepe. Nikaipa viini vinne vya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kama mtu anayemjazia mgeni sahani. Mchezo ukafunguka, ndege wakapita kwenye kioo kufumba na kufumbua, shamba likaliwa lote kabla sijagusa kitufe. Mwendo ule, ndugu yangu, nilishauona.

Ilikuwa Kilosa, Mabwerebwere, enzi za ruksa, mitumba ilipofurika na kila mtu akajaribu biashara. Jirani yetu, aliyepunguzwa kazini, alileta kompyuta kuukuu kutoka Dar es Salaam akafungua chumba cha kuchapa barua. Alasiri kazi zikipungua tulimwamkia shikamoo, mmoja mmoja, maana aliyesahau hakugusa kitu, kisha akatufungulia mchezo wa ndege. Chumba kilinukia wino na vitumbua vya bibi yangu, aliyeviuza pale mlangoni.

Ndege wadogo walishukia shamba la nafaka, sisi tukasema ni mpunga, nawe ulibonyeza kile kitufe kirefu cha chini kuwafukuza. Bibi alitutazama siku mbili. Ya tatu akafuta mafuta mikononi kwa khanga, akasema tumpishe. Msimu baada ya msimu alikuwa amekaa juu ya dungu, kichanja cha kufukuzia ndege, kule Masanze, akiamia mpunga kwa kombeo na makopo ya kutikisa. Kusoma hakujua, lakini ndege aliwajua. Aliwasema kwa Kisagara, akabonyeza, wakaruka. Hakuna mtoto aliyemfikia. Hata watu wazima walikuja kumtazama, naye alijidai waziwazi, na mimi nilijidai kuliko yeye.

Baadaye jirani akapata kompyuta mpya, yenye nguvu, akauhamishia mchezo humo. Bibi akaketi. Ndege wakashuka, wakala, wakaondoka, kidole chake kikiwa bado hewani. Akarudia, akarudia tena. Sisi watoto tulishindwa pia, lakini sisi tulizoea kushindwa. Mashine hakuna aliyeishuku, kitu kipya kingekosaje? Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Bibi, mkono wako unachelewa."

Aliutazama mkono wenyewe, akaugeuza. "Ujana ni moshi, mjukuu wangu," akasema. "Ukienda haurudi."

Hakukaa tena kwenye kiti kile. Mpunga ulipoanza kuchanua, hakupanda dungu. Alisema ndege watamcheka, shamba akamkabidhi shangazi, akabaki barazani akichambua mchele. Aliishi hivyo miaka mingi, miguu imara, macho mazuri, akituomba tumtungie uzi kwenye sindano ambayo hakuijaribu hata mara moja.

Basi juzi niliizima ile mashine pepe. Nikapunguza viini vinne hadi kimoja, na hicho nacho nikakibana kifanye kazi kwa sehemu ndogo ya nguvu zake. Michezo mingi ya zamani hufuata mapigo ya prosesa: prosesa ikikimbia, nayo inakimbia. Nikafungua tena. Ndege wakaja polepole, wakielea kama wanaoteremka usingizini, na hata mimi, mzito wa vidole, niliwafukuza wote. Nikakaa nao muda mrefu, dirisha wazi, upepo wa mbugani ukiingia.

Nikampigia mama simu, nikamwamkia, nikamweleza.

"Kwa hiyo alikuwa bado anaweza," akasema.

"Alikuwa anaweza, mama."

Jirani alishatangulia, chumba chake sasa kinauza vocha, na dungu la Masanze lilioza likaanguka. Hayo yameondoka kwa zamu yake, siyalilii sana. Ninachokililia ni misimu ile ambayo bibi alikuwa na mikono mizima na hakuitumia. Umri haukumnyang'anya chochote. Nilimnyang'anya mimi, kwa maneno manne, naye aliniamini kwa sababu alinipenda.